Woki moja ina thamani ya rani ngapi? Kupima woki na hiti katika mechi za besiboli za kuigwa

Mrushaji akikosa eneo la kupigia mara nne, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Hiyo ndiyo woki, na takwimu za kawaida haziafikiani kuihusu. Asilimia ya kufika besi inaihesabu sawa kabisa na hiti ya besi moja, yaani pigo linalomfikisha mpigaji salama besi ya kwanza. Wastani wa kupiga hauihesabu hata kidogo. Ukweli uko katikati, lakini "katikati" si namba ya kuingiza kwenye programu.

Anayeendesha mechi za kuigwa, kwa kompyuta au kwa kadi na dadu, ana bahati ambayo mchambuzi wa mechi halisi hana: kila tukio linaandikika, na mechi zinaweza kurudiwa maelfu ya mara. Kwa hiyo thamani ya woki haina haja ya kukisiwa wala kuazimwa. Inapimwa kwa rani, yaani mara ambazo mkimbiaji anamaliza besi zote na kurudi homu. Pete Palmer, mmoja wa waasisi wa kazi hii, alipata uzito wake, yaani thamani ya kila tukio kwa rani, kwa kuiga mechi kwenye kompyuta. Mwaka 1984 alitoa 0.33 kwa woki, 0.46 kwa hiti ya besi moja, 0.80 kwa besi mbili, 1.02 kwa besi tatu na 1.40 kwa homurani, pigo linalomrudisha mpigaji mwenyewe hadi homu. Namba hizo ni nzuri za kulinganishia. Kuzinakili kwenye programu yako ndilo kosa la kwanza la wengi, kwa sababu zinaeleza mchezo ambao huenda programu yako haiuchezi.

Jedwali la hali 24

Kila mpigaji anapoingia, besi zinaweza kuwa katika hali 8 (tupu, mtu besi ya kwanza, ya pili, na kuendelea hadi zote kujaa), na auti (wachezaji waliokwisha kutolewa) ni 0, 1 au 2. Nane mara tatu ni 24. Kwa kila hali tunauliza jambo moja: kuanzia hapa hadi nusu-iningi (kipindi cha timu moja kupiga, kinachoisha kwa auti ya tatu) iishe, kwa wastani zinaingia rani ngapi? Hizo tuziite rani tarajiwa. Kwa ligi kuu ya Marekani, miaka ya 2010 hadi 2015, jedwali lilikuwa takriban hivi:

| Wakimbiaji | Auti 0 | Auti 1 | Auti 2 |
|---|---|---|---|
| Besi tupu | 0.48 | 0.25 | 0.10 |
| Ya 1 | 0.86 | 0.51 | 0.22 |
| Ya 2 | 1.10 | 0.66 | 0.32 |
| Ya 3 | 1.35 | 0.95 | 0.35 |
| Ya 1 na 2 | 1.44 | 0.88 | 0.43 |
| Ya 1 na 3 | 1.78 | 1.13 | 0.48 |
| Ya 2 na 3 | 1.96 | 1.38 | 0.58 |
| Zote | 2.29 | 1.54 | 0.75 |

Lako utalitengeneza mwenyewe. Iambie programu iandike mstari mmoja kwa kila mpigaji: namba ya mechi, iningi na nusu yake, auti kabla, besi kabla, tukio, rani zilizoingia, auti baada, besi baada. Besi ziandike kwa msimbo mmoja: ya kwanza ni 1, ya pili ni 2, ya tatu ni 4, kisha jumlisha. Mtu wa kwanza na wa tatu ni 5. Besi zilizojaa ni 7. Msimbo huu unakuokoa na mkanganyiko wa kuandika "1-3" mahali pamoja na "kwanza/tatu" pengine.

Ongeza safu moja zaidi: rani zilizobaki. Ni jumla ya rani za nusu-iningi hiyo, ukitoa zilizokuwa zimeshaingia kabla ya mpigaji huyu. Rani za pigo lake mwenyewe zinahesabiwa. Kisha tafuta wastani wa safu hiyo kwa kila mchanganyiko wa auti na besi. Kwenye Excel au LibreOffice, AVERAGEIFS inatosha. Auti ya tatu ikishapatikana, rani tarajiwa ni sifuri, na hiyo iandike wazi kwenye programu, maana seli tupu huharibu hesabu kimyakimya.

Kuna nusu-iningi ambazo lazima uzitupe. Nusu ya pili ya iningi ya 9 hukatika pale timu mwenyeji inapopata rani ya ushindi, hata kama besi zimejaa na hakuna auti. Ukiziacha ndani, hali nono zitaonekana hafifu kuliko zilivyo. Iningi za nyongeza nazo zitoe, hasa kama umewasha kanuni iliyoanza ligi kuu mwaka 2020 ya kuanza na mkimbiaji besi ya pili.

Kutoa thamani ya tukio

Fomula ni fupi: rani tarajiwa baada, toa rani tarajiwa kabla, jumlisha rani zilizoingia. Ifanye kwa kila mstari, halafu tafuta wastani kwa kila aina ya tukio.

Tazama jinsi woki inavyobadilika kwa kutumia jedwali la hapo juu. Besi tupu, hakuna auti: 0.86 − 0.48 = 0.38. Hiti ya besi moja hapo inaleta hali ileile, kwa hiyo nayo ni 0.38. Anayesema woki ni sawa na hiti yuko sahihi kabisa, kwa mpigaji anayefungua iningi.

Sasa weka mkimbiaji besi ya pili, auti mbili. Woki inajaza besi ya kwanza tu: 0.43 − 0.32 = 0.11. Hiti ya besi moja inayomrudisha mkimbiaji homu: 1 + 0.22 − 0.32 = 0.90. Tofauti ni mara nane. Besi zikijaa, woki inasukuma rani moja na kuacha hali ileile, kwa hiyo thamani yake ni 1.00 kamili kwa idadi yoyote ya auti. Na mkimbiaji akiwa besi ya kwanza bila auti, woki ni 0.58. Hiti inayomfikisha besi ya pili ni 0.58 vilevile, ila ikimfikisha ya tatu inakuwa 0.92.

Kwa maneno mengine, hiti inaizidi woki pale tu inapomsogeza mkimbiaji ambaye woki isingemsukuma, au inapomsogeza zaidi ya besi moja. Ndiyo maana uhusiano wa woki na hiti ndani ya programu yako unategemea zaidi kanuni za wakimbiaji kuliko takwimu za wapigaji.

Ukikusanya hali zote, programu iliyotulia inayofanana na ligi kuu itakupa namba za karibu na hizi: woki 0.30, hiti ya besi moja 0.45, besi mbili 0.75, besi tatu 1.05, homurani 1.40, na auti kati ya −0.25 na −0.27. Woki za makusudi ziweke safu yake. Hutolewa besi ya kwanza ikiwa wazi na hali ikiwa na faida ndogo kwa mpigaji, hivyo thamani yake ni ndogo zaidi, na zikichanganywa zinashusha wastani wa woki za kawaida.

Auti ambayo hukuipata

Hapa ndipo hesabu nyingi nzuri zinapokosea mwishoni. Namba 0.30 na 0.45 zinapimwa dhidi ya zamu ya wastani ya mpigaji. Ukigawanya, woki ni theluthi mbili ya hiti. Lakini mpigaji asiyepata woki hapati "wastani". Mara nyingi anapata auti, na auti inagharimu 0.26. Dhidi ya auti, woki ni 0.56 na hiti ni 0.71. Uwiano unapanda hadi kama 0.79. Takwimu ya wOBA, inayopima mpigaji kwa kumpa kila tukio uzito wake, imejengwa juu ya wazo hili: kwa msimu wa 2013 ilitumia takriban 0.69 kwa woki na 0.89 kwa hiti ya besi moja, na uwiano wake ni ule ule wa chini kidogo ya 0.8.

Chukua wapigaji wawili wenye zamu 600 kila mmoja. Wote wana hiti 28 za besi mbili, 2 za besi tatu na homurani 15. Wa kwanza ana hiti 120 za besi moja na woki 40. Wastani wake wa kupiga ni .295. Wa pili ana hiti 82 za besi moja na woki 95; wastani wake ni .251.

Jumlisha matukio mazuri peke yake. Wa kwanza anapata rani 110.1, wa pili 109.5. Ukiishia hapo utamchagua wa kwanza. Sasa toa auti: wa kwanza ana 395, zinazogharimu 102.7, wa pili ana 378, zinazogharimu 98.3. Wa kwanza anabaki na +7.4, wa pili na +11.2. Amepoteza hiti 38 na kupata woki 55, na biashara hiyo imemlipa karibu rani 4 kwa msimu. Kiwango cha kubadilishana ni 0.71 ÷ 0.56, yaani woki 1.27 kwa kila hiti ya besi moja. Kwa hiti 38, woki 48 zingetosha kuwa sawa.

Anayesoma orodha ya wachezaji kwa wastani wa kupiga tu hawezi kuiona tofauti hii, na ndiyo inayofanya wapigaji wa .250 wenye subira wapatikane kwa bei nafuu kwenye ligi za kuigwa zenye bajeti.

Kukagua programu yenyewe

Jaribio la kwanza halina msamaha. Ukitumia data ileile kwa jedwali na kwa thamani, jumla ya thamani za matukio yote lazima iwe sifuri. Rani zote zilizoingia, ukitoa idadi ya nusu-iningi mara rani tarajiwa za besi tupu bila auti, ni sifuri kwa ufafanuzi. Ikikataa, kuna mambo matatu ya kutazama: umetupa iningi ya 9 kwenye hatua moja ukaisahau kwenye nyingine, hukuandika matukio yasiyo ya mpigaji, kama kuiba besi na mirusho iliyompita mdakaji, au hali ya "baada" ya mstari mmoja hailingani na hali ya "kabla" ya mstari unaofuata. La tatu ndilo la kawaida zaidi. Liandikie ukaguzi wa moja kwa moja unaosimamisha programu.

Jaribio la pili ni uwiano wa woki kwa hiti. Ukikaribia 1, wakimbiaji wako ni wavivu: hiti ya besi moja inawasogeza besi moja tu kila mara. Katika mechi halisi za ligi kuu, mkimbiaji wa besi ya pili anafika homu kwa hiti ya besi moja kama asilimia 60 ya nafasi, na wa besi ya kwanza anafika ya tatu zaidi kidogo ya robo ya nafasi. Kwa hiti ya besi mbili, mkimbiaji wa besi ya kwanza anafika homu kama asilimia 40. Kukiwa na auti mbili viwango hivi hupanda, kwa kuwa mkimbiaji anaondoka mara mpira unapogongwa bila kusubiri kuona kama utadakwa. Programu nyingi za kujifunzia huweka kiwango kimoja kwa auti zote. Hiyo inapunja hiti pale pale inapolipa zaidi.

Woki ikizidi 0.35 huku hiti ikionekana ya kawaida, tafuta auti mbili kwa mpigo. Mkimbiaji aliyefika besi ya kwanza kwa woki ndiye chambo cha auti hiyo. Programu isiyo nayo inamlinda, na woki inavimba thamani.

Kipo pia kipimo kinachoonekana kama kasoro na si kasoro. Katika mechi halisi, mpigaji aliyegongwa na mpira analeta thamani kubwa kidogo kuliko woki, ingawa wote wanakwenda besi ya kwanza. Sababu ni wakati: warushaji hutoa woki zaidi pale besi ya kwanza ikiwa wazi, ambapo woki haiumizi sana, ilhali mpira unaompiga mtu hauchagui hali. Kama programu yako inachagua tukio bila kutazama besi na auti, thamani hizo mbili zitalingana. Usilirekebishe kwa kupunguza namba ya woki kwa mkono. Fanya uwezekano wa woki utegemee hali, au ukubali kwamba ndani ya mchezo wako woki ina thamani hiyo.

Mechi ngapi zinatosha

Rani za nusu-iningi moja zina mtawanyiko (standard deviation) wa karibu 1. Kosa la wastani ni mtawanyiko huo kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo nusu-iningi 10,000 zinakupa besi tupu bila auti kwa usahihi wa takriban 0.01. Tatizo ni hali adimu. Mkimbiaji besi ya tatu peke yake bila auti hutokea chini ya zamu moja kati ya mia. Mechi 10,000, zenye zamu kama 760,000, zinatosha kwa jedwali lote. Mechi 500 hazitoshi, na dalili yake ni jedwali linalosema mkimbiaji wa besi ya tatu ana thamani ndogo kuliko wa besi ya pili.

Wengine hupenda njia ya mkato: timu mbili zinazofanana, moja ibadilishiwe asilimia 1 ya zamu kutoka auti kuwa woki, kisha linganisha rani. Inafanya kazi, ila inakula mechi. Rani za timu moja kwa mechi zina mtawanyiko wa karibu 3. Ukiendesha mechi 100,000 kila upande, kosa la tofauti ni kama rani 0.013 kwa mechi. Asilimia 1 ya zamu 38 ni woki 0.38, zenye thamani ya rani 0.21, kosa ni asilimia 6, linavumilika. Lakini ukibadilisha hiti kuwa woki, unatafuta tofauti ya rani 0.057 tu, na kosa lilelile linakuwa karibu robo ya jibu. Hapo nenda mechi milioni moja. Kutumia mbegu moja ya namba nasibu pande zote hakusaidii sana: woki ya kwanza iliyoongezwa inasogeza mfuatano wote, na kuanzia hapo mechi hazifanani tena.

Kadi na dadu

Strat-O-Matic, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu ulioanza kuuzwa mwaka 1961, inapimika kwa njia hiyohiyo kwa kalamu. Dadu moja inachagua safu: 1 hadi 3 ni kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 ni ya mrushaji. Dadu mbili zinajumlishwa. Kila safu ina nafasi 36, kila kadi 108, jumla 216. Jumla ya 7 ina nafasi 6. 6 na 8 zina 5 kila moja. 5 na 9 zina 4. 4 na 10 zina 3. 3 na 11 zina 2. 2 na 12 zina 1. Woki iliyoandikwa kwenye 7 ya safu moja na 6 ya safu nyingine ni nafasi 11. Mstari uliogawanywa kwa dadu ya pande 20, mathalani hiti kwa 1 hadi 13, hesabu nafasi zake mara 0.65.

Kwa zamu 600, nafasi moja hutokea mara 2.78. Kwa hiyo nafasi moja ya woki badala ya auti ni rani 1.56 kwa msimu, ya hiti ya besi moja ni 1.97, ya homurani ni 4.61. Zigonge kwenye kikokotoo, jumlisha kadi nzima, na unapanga wapigaji kwa dakika chache. Angalia pia nyota zilizo kwenye kadi: hiti yenye nyota mbili inasogeza wakimbiaji besi mbili na ile yenye nyota moja besi moja, hivyo hiti ya nyota moja iko karibu zaidi na woki kuliko jina lake linavyodai.

Kadi inatengenezwa kwa kudhani mrushaji wa upande wa pili ni wa wastani, kwa hiyo nafasi za woki kwenye kadi ni kama 108 × (2 × kiwango cha mpigaji − wastani wa ligi). Mpigaji anayepata woki asilimia 15 ya zamu katika ligi ya asilimia 8.5 anapata nafasi 23. Mpigaji wa asilimia 4 anapata hasi, na kadi haiwezi kuandika hasi. Anaishia na sifuri, na nusu ya zamu zake bado anapokea woki za kadi ya mrushaji. Ndani ya mchezo huu asiye na subira anapata woki kidogo zaidi ya alizostahili.

Kwenye kompyuta hakuna haja ya kubeba kikomo hicho. Geuza kila kiwango kuwa uwiano wa kupata kwa kukosa, zidisha wa mpigaji kwa wa mrushaji, gawanya kwa wa ligi, kisha rudisha kuwa asilimia. Mpigaji wa asilimia 15 akikutana na mrushaji anayetoa woki asilimia 15, ligi ikiwa 8.5, njia hii inatoa asilimia 25.1. Kadi zingetoa 21.5. Kukiwa na matukio mengi kwa pamoja, fanya kiwango cha mpigaji mara cha mrushaji gawanya kwa cha ligi kwa kila tukio, auti zikiwemo, kisha gawanya kila jibu kwa jumla ya yote ili yafike 1. Ukibadilisha njia ya kuchanganya, tengeneza jedwali la hali 24 upya kabla ya kugusa uzito wowote.